Walinitiki Nikiwa Hai

Kama umefika hapa kutafuta maneno matamu, tafuta kwingine. Mimi si mtu wa maneno matamu, na wateja wangu wa Matisi watakuambia hivyo bila kuulizwa. Nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo katika duka dogo la mtaa huo, huku Kitale, na mkulima akiniletea swali la kipuuzi namjibu vivyo hivyo. Lakini niliugua saratani ya tezi, nikatibiwa, na leo nimesimama tena nyuma ya kaunta yangu. Naandika kwa ajili ya yule aliyeambiwa majuzi tu, ambaye simu yake imeanza kulia ting, ting, ting kutwa nzima kwa sababu jamaa zake wamejipanga. Mambo ya dawa daktari atakueleza. Mimi nitakueleza ya hiyo simu.

Uvimbe ulinitokea shingoni, chini ya sikio, wakati watu wanalima mashamba kungojea mvua. Nilidhani ni jino. Mvua ikaja, watu wakapanda, mimi nikawa natoka jasho kitandani mpaka mke wangu Nelima anakamua shuka asubuhi. Kola ya shati ikakataa kufunga. Kisha shati lote likaanza kunipwaya huku kola bado imekataa, na hapo ndipo nilipokubali kwenda hospitali. Walikata kipande wakakipeleka kupimwa. Majibu yalirudi wakati wa palizi. Daktari alisema ni kansa ya tezi, kwamba inatibika, na kwamba nitawekewa dripu mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nililishika hilo neno inatibika nikatoka nalo. Nelima alilishika lile lingine, kansa, akampigia Wekesa.

Wekesa ni mdogo wangu, anayenifuata. Anafanya kazi ya mipango katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, na kwetu Sirisia hakuna mtu amezikwa miaka hii yote bila Wekesa kuwa katibu wa kamati. Akisikia kilio, anafungua simu kabla ya kufungua mdomo. Nani ataleta hema, nani viti, nani atasimamia wapishi, yote ameyapanga, na lazima niseme ukweli, mazishi yake huwa hayana kasoro. Baba mdogo alipofariki mwaka uliotangulia, watu walikula wakashiba na mvua haikumnyeshea mgeni hata mmoja.

Basi alikuja Matisi, akaketi sebuleni kwangu, akamwomba kila mtu aweke apu fulani kwenye simu. Hiyo apu ni orodha ya kazi. Kila kazi ina jina la mwenye kuifanya na siku ya kuifanya, na pembeni kuna kisanduku. Ukishamaliza unatiki, yaani unakiwekea alama, na simu za wengine wote zinalia kuwajulisha. Mradi wenyewe aliuita KAKA SIMIYU. Nilijiona pale juu kwa herufi kubwa.

"Kaka, wewe kazi yako ni moja tu, kupona," alisema. "Hizo zingine tuachie sisi."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka. Jioni hiyo hiyo simu ikalia ting, nikakuta nimepewa kazi. Kunywa maji ya kutosha. Kula mboga. Ya tatu ilikuwa Kuwa na mtazamo mzuri, na ilitakiwa kutikiwa kila Jumatatu. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule, ananitumia kazi ya mtazamo.

Lakini iliyonichoma zaidi ilikuwa Kumtia moyo. Hiyo alikuwa ameigawa kwa zamu. Wiki ya kwanza ilimwangukia Barasa, mtoto wa baba mdogo, ambaye ndiye anatutunzia boma la Sirisia. Barasa ni mtu mwema ambaye ukimwambia funga ng'ombe, anafunga, na hatauliza ni kwa nini. Akanipigia.

"Niaje Simiyu. Uko aje?"

"Niko."

"Usife moyo bana. Mungu yuko."

"Nani amekuambia nimekufa moyo?"

"Hakuna. Ati nimeona tu nikupigie."

Sijatoa simu sikioni vizuri, ting. Barasa amekamilisha: Kumtia moyo. Wiki iliyofuata alikuwa mwingine, na maneno yale yale, na ting. Nilianza kuwakatia. Wakawa wanatiki hata hivyo, maana walikuwa wamepiga.

Chumba cha dripu kina viti vya ngozi bandia vilivyochanika mikononi, na dirisha linalotazama pahali pa kuegesha magari. Unafika asubuhi, unatolewa damu, unarudi kwenye benchi kungoja majibu ya damu, na majibu yakikuruhusu ndipo unaitwa ndani. Ukienda, beba chakula, beba sweta, na usikae karibu na mlango wa choo. Niliketi mkabala na mama mmoja wa Ndalu, mkulima, mwenye skafu ya kijani na kabambe lake, simu ya zamani isiyojua kitu ila kupiga na kupokea. Simu yangu ilipolia kwa mara ya nne aliniuliza, "Imesema nini sasa?"

"Imesema ninywe maji."

"Na hapa umewekewa maji ya mshipa." Akacheka polepole, maana mdomo wake ulikuwa na vidonda. "Yangu hailii. Watu wangu wakitaka kujua wanakuja." Kisha akanimegea kiazi kitamu kutoka kwenye kitambaa chake. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichokula siku hiyo kikakaa tumboni.

Mwili ulibadilika upesi. Nywele zilibaki kwenye mto, hilo nililitarajia, lakini hakuna aliyeniambia nyusi nazo huenda. Ugali ulikuwa na ladha ya misumari. Kucha ziligeuka nyeusi. Harufu ya duka langu mwenyewe, harufu ya mbolea na dawa ya kupe niliyoivuta miaka yote bila kuisikia, ikawa inanitapisha nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Suruali niliifunga kwa uzi wa gunia. Mteja mmoja wa siku nyingi aliingia akanitazama usoni, akamuuliza Nelima kama mwenye duka ameuza biashara.

Nelima ndiye aliyelishika duka. Alikuwa anafungua asubuhi, anakimbia nyumbani kunipikia uji, anarudi, na katikati ya hayo mimi namlalamikia juu ya ting. Siku moja alitua ndoo akanikabili.

"Baba Sheila, kelele yako hainibebei maji. Hiyo apu imeniletea kuni wiki hii. Imeniletea maziwa. Dada Wanjiku wa kanisani amekaa dukani kwa saa mbili kwa sababu aliandikiwa. Wewe umeniletea nini?"

Nilikasirika zaidi. Tulikaa siku kadhaa tukiongea kwa kupitia mtoto. Sheila, binti yetu, akawa ananiambia, "Mathe anasema uji uko tayari," na mama yake amesimama mlangoni pale pale.

Dripu ya tatu ilipita. Agosti ikaingia, na huko nyumbani Bungoma wavulana wa kutahiriwa walikuwa wanazunguka na kengele zao wakialika jamaa. Nilitakiwa kuwekewa ya nne wiki hiyo. Nikatolewa damu, nikangoja kwenye benchi, na muuguzi akatoka na karatasi akasema damu imeshuka, nirudi wiki ijayo. Mama wa Ndalu alinitazama nilivyokunjamana.

"Yangu ilisongezwa mara mbili," alisema. "Inashuka, inapanda. Enda ule, ulale, urudi."

Hayo yalinitosha. Mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia wakulima kila mwaka kwamba mvua ikizuia mbolea ya kukuzia wiki moja, mahindi hayang'olewi. Unangoja udongo ukae sawa, unaweka. Wiki iliyofuata damu ilikuwa bado chini, nikarudishwa tena. Nikala, nikalala.

Lakini ile apu haijui damu. Siku iliyopangwa ikipita bila kutikiwa, kazi hugeuka nyekundu. Kila mtu wa ukoo wetu aliyefungua simu alikuta Dawa ya nne: imechelewa, maandishi mekundu, na wiki ya pili bado mekundu. Hakuna aliyenipigia kuuliza. Hiyo zamu ya kunitia moyo ilikuwa ya mtu fulani wa Webuye, naye alikuwa ameshatiki.

Wekesa alikuja Alhamisi, amevaa ule uso ambao nimeuona kwenye mazishi mengi. Alikataa chai, na hilo peke yake lilinitisha.

"Kaka, mwili umekataa dawa."

"Nani amesema?"

"Imeonekana."

"Imeonekana wapi?"

Akainua simu. Nikamwambia damu hushuka ikapanda, kwamba ni jambo la kawaida, kwamba Jumatatu narudi kliniki na nina matumaini. Nikamuuliza kama ameongea na daktari hata mara moja.

"Usikasirike, kaka. Kukasirika si kuzuri kwako. Watu wameongea, tumeona ni heri uende nyumbani Sirisia upumzike. Uwe na watu wako. Jumamosi gari linakuja."

"Jumamosi? Na Jumatatu ya kliniki?"

Alitazama chini. "Hapo tutaona."

Nilimgeukia Nelima nikitegemea atamfukuza. Nelima alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Wekesa alipoondoka nilimuuliza mbona amenyamaza. Akasema, taratibu sana, "Na kama ni kweli, Simiyu? Kama mwili umekataa?" Alikuwa analia. Niliogopa kuliko siku ile ya daktari. Nilijua nikipandishwa kwenye gari hilo sitashushwa tena Kitale, na dripu tatu zilizobaki zitaning'inia pale kwa wengine huku mimi nikipumzishwa mpaka nife. Na mtu asiyeweza hata kufunga suruali yake atazuia gari na nini?

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa nimekaa kwenye kiti nje ya duka, mbali kidogo na harufu, simu ikalia ting. Umekabidhiwa kazi mpya. Nikafungua.

Kuchagua picha ya kuwekwa kwenye programu ya mazishi.

Niliisoma, nikavaa miwani, nikaisoma tena. Jina la mradi, KAKA SIMIYU. Mwenye kazi, Simiyu. Nikamwita Nelima, naye akaja akisugua mikono, akasoma juu ya bega langu. Aliingia ndani, akafunga duka wateja wakiwa wamesimama, akamwita jirani yetu mwenye pikapu.

"Twende Sirisia," alisema. "Leo. Nataka kuona ni kazi gani zingine zimetumwa."

Tulifika jua likiwa bado juu. Boma lilikuwa limefagiwa. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wanashusha viti vya plastiki, na mmoja aliponiona nikishuka kwenye pikapu alikiweka kiti chini polepole akabaki ameinama. Upande wa kulia wa nyumba yangu, pale nilipopanda migomba mwaka niliooa, palikuwa peupe. Migomba ililala chini, utomvu bado unachuruzika, na Barasa amesimama katikati na panga.

"Kaka," alisema. "Kwani umekuja mwenyewe?"

"Ulitaka niletwe?"

"Si gari ni kesho." Alitazama panga lake, akatazama shingo yangu, akatazama chini. "Nilitumiwa kazi. Kusafisha pahali. Nikafanya, nikatiki. Ni ile ile nilifanya ya baba."

Hapo nikaelewa. Kwetu kaburi la mwenye boma huchimbwa kando ya nyumba yake. Barasa alikuwa amesafisha pahali pa kuniweka.

Nelima, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa wakili wa ile apu, alitoa simu yake. Hakupaza sauti. "Shemeji. Niko Sirisia na ndugu yako. Kuja sasa hivi. Usitume mtu, kuja wewe."

Wekesa alifika kutoka Bungoma na viatu vya ofisi. Aliona viti, akaona migomba, akaniona mimi nimekaa kwenye kimoja cha vile viti vya mazishi yangu. Ilibidi aeleze. Orodha yangu hakuitunga upya. Alichukua orodha ya mazishi ya baba mdogo, ikiwa na majina yetu yote ndani, akaigeuza jina, akaongeza maji na mboga huko juu. Katika ile ya zamani kulikuwa na kazi iitwayo Kumrudisha nyumbani, yaani mwili kutoka mochari, na zote zinazofuata zilikuwa zimepangwa zifunguke mara tu hiyo inapowekewa siku. Alhamisi aliiwekea siku, ile Jumamosi ya gari. Zikafunguka. Kila mtu akatumiwa kazi aliyoifanya mwaka uliopita. Mimi ndiye niliyechagua picha ya baba mdogo.

"Zilijituma zenyewe, kaka. Sikuzituma."

"Na mbona hukuzifuta toka mwanzo? Ulipoandika jina langu pale juu, uliziona huko chini?"

Barasa alifuta panga kwenye suruali, upande huu na ule.

"Wekesa. Uliziona?"

"Niliziona. Nikasema nisifute. Nikasema tutazihitaji."

Wale wanawake waliondoka na viti vyao. Nilitamani niwe na mwili wangu wa zamani kwa dakika moja tu, nimpige. Yeye aliendelea, akitazama viatu vyake.

"Kila mtu nimempangia, amekufa. Baba. Baba mdogo. Wote. Hiyo ndiyo kazi najua. Kupangia mtu mwenye atapona, sijawahi, kaka. Sijui inaanza wapi."

Ningependa kukuambia nilimwonea huruma. Nilimwonea baadaye. Wakati ule nilimwambia Barasa alete jembe.

"Inaanza hapa," nikamwambia Wekesa. "Chimba."

"Kuchimba nini?"

"Shimo la mgomba. Hapo hapo mlipopasafisha."

Alivua koti, akamkabidhi Nelima, Nelima akalikataa, akaliweka chini. Alichimba na viatu vyake vya ofisi, jasho likimtoka, na ni wazi hakuwa ameshika jembe siku nyingi maana lilimruka mara kwa mara. Nilimkosoa kila pigo. Nikamwambia lina kina kidogo, nikamwambia upana hautoshi. Barasa alipasua chipukizi kutoka kwenye kisiki kimoja, Wekesa akalisimamisha shimoni kwa mikono yake, akafukia, akakanyaga udongo. Kisha la pili, na la tatu. Barasa alikuwa ameshika simu, hajui afanye nini nayo.

"Sasa hapa kwa apu niandike aje?" aliuliza.

"Usiandike kitu," alisema Nelima.

Gari halikuja Jumamosi. Jumatatu nilitolewa damu, nikakaa kwenye benchi, na Wekesa akaketi kando yangu, amechukua ruhusa kazini bila kuambiwa na mtu. Simu yake ilikuwa mfukoni na mikono yake haikujua pa kukaa. Mama wa Ndalu alimtazama kwa muda, akamuuliza yeye ni nani, akampa kiazi kitamu. Akakila hadi maganda. Muuguzi akatoka na karatasi akaita jina langu, damu ilikuwa imepanda, nikaingia nikawekewa ya nne.

Apu hatukuifuta, maana Nelima alikataa, na alikuwa na haki. Kuni ni kuni. Lakini alimwambia Wekesa afungue orodha mpya, tupu kabisa, na ikawa mtu wa kuandika kazi humo ni Nelima na mimi tu. Nami nakuambia wewe unayeanza: wakikuletea orodha, ipokee, maji hayajibebi. Lakini isome mpaka chini siku ile ile. Uliza imetoka wapi. Na ile ya kutia moyo ikatae kabisa.

Ya tano ilipita na vidonda vya mdomo. Ya sita niliwekewa wakati wa kuvuna, mashine za kupukuchua zikinguruma kote Trans Nzoia na wakulima wakianza kuniulizia mbegu za mwaka ujao. Walinipima upya, daktari akasema seli za kansa hazionekani tena. Alisema nitarudi kupimwa mara kwa mara, na narudi. Nyusi ziliota kabla ya nywele. Mama wa Ndalu alimaliza dawa kabla yangu, akanitumia gunia la viazi dukani bila ujumbe wowote.

Migomba ya Sirisia imeshika. Nikienda huko napita kando yake, naitikisa kuona kama imesimama vizuri, kisha naingia nyumbani kwangu.

Juzi nilikuwa dukani nahudumia, Wekesa akapiga. Akauliza mvua ya huku ikoje. Akaniambia ya Bungoma. Akasema mbuzi wa Barasa amezaa mapacha, akanieleza na rangi zao. Mimi nilikuwa nimesikiliza nusu, sikio lingine likingoja ting. Aliongea mpaka yakamwishia, na simu haikulia. Nikangoja kidogo zaidi. Haikulia.

"Kwani unataka nini?" nikamuuliza.

"Sitaki kitu, kaka."

"Basi ongea upesi," nikamwambia. "Nina wateja."

Lakini sikukata, naye akarudia ile ya mbuzi.